Pumzi ya Mtumba

Lugha yetu ina methali mbili ambazo kila nikizikutanisha hugombana. Moja husema kwamba ya kale ni dhahabu. Nyingine hujibu kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Katika miaka yangu ya ualimu niliwapa wanafunzi methali hizi waziandikie insha, nami nikazisahihisha kwa wino mwekundu kana kwamba jibu ninalo. Mwaka jana nilitakiwa kulitoa jibu hilo mwenyewe, na safari hii kukosea hakungekuwa kupoteza alama.

Mjukuu wangu, kijana wa miaka 23, anafanya kazi kisiwani Mafia katika boti inayowapeleka wageni kuzamia kwenye matumbawe. Alianza kwa kubeba mitungi ya hewa, akajifunza kuzamia, akapata cheti, na sasa alikuwa akijiandaa kuwa kiongozi wa wazamiaji. Vyombo alivyotumia vilikuwa vya mwajiri wake, na aliambiwa kwamba anayetaka kupanda daraja ni vyema awe na vyake mwenyewe. Siku ya pili ya Idi alikuja kunisalimu hapa Tanga. Baada ya shikamoo na habari za safari, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na bei za vyombo vipya. Ya pili ilikuwa orodha ya vyombo vya mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, naye alikuwa tayari kuviacha vyote kwa theluthi moja ya bei ile ya kwanza.

"Babu," akasema, "nikichukua vya mgeni, ninabakiwa na fedha za kozi. Nikinunua vipya, kozi itangoja mwaka mzima. Wewe ungefanyaje?"

Hakuniomba fedha, lakini mjukuu anayemletea babu yake karatasi mbili hahitaji kuomba. Nilikuwa na akiba ndogo niliyoitenga kwa ajili ya kuezeka upya upande mmoja wa nyumba, ambako bati limeoza. Nikamwambia anipe siku tatu.

Mimi sijui kuzamia. Kazi yangu ilikuwa kufundisha historia, na mwalimu wa historia akikutana na kitu asichokijua huuliza kwanza: kimetoka wapi? Basi nikaanzia hapo.

Tatizo la mtu chini ya maji si kukosa hewa tu, bali ni uzito wa maji yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa anga yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Katika mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa ufukweni. Ndiyo maana mtu hawezi kwenda chini na mrija mrefu mdomoni akavuta hewa ya juu: kifua chake kinabanwa na maji na hakifunguki. Hewa anayovuta lazima iwe na mgandamizo uleule wa maji yanayomzunguka, si zaidi wala si pungufu.

Katika miaka ya 1830, Augustus Siebe wa London alitengeneza vazi la kuzamia lililofungwa na kofia ya chuma, huku watu waliobaki juu wakisukuma hewa kwa pampu kupitia bomba. Mwaka 1860 Mfaransa Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi, alisajili kifaa cha kupimia hewa. Miaka michache baadaye, yeye na afisa wa jeshi la majini Auguste Denayrouze wakakifanya kifae kwa wazamiaji. Ndani yake mlikuwa na utando uliohisi mgandamizo wa maji na kufungua vali pale tu mzamiaji alipovuta pumzi. Wazo lilikuwa kamili. Kilichokosekana ni chombo cha chuma cha kuhifadhi hewa nyingi iliyoshindiliwa, kwa hiyo mzamiaji akaendelea kutegemea bomba kutoka juu.

Sasa tazama jambo lililonishangaza. Mwishoni mwa mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan alikuwa akishughulikia vali ya kuendeshea magari kwa gesi badala ya petroli. Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini, alimwendea akitafuta kifaa kitakachompa mzamiaji hewa kwa kadiri anavyovuta. Gagnan akamwonyesha vali ile ya gari. Kutokana nayo ndipo ilipotoka regyuleta ya kuzamia tunayoijua leo. Kwa maneno mengine, mashine iliyomfungulia binadamu bahari ilianza na kifaa kilichokuwa na kazi nyingine nchi kavu. Hata baada ya vita, katika miaka ya 1950, wazamiaji wengi wa Uingereza walitumia mitungi ya oksijeni iliyotoka katika ndege za kivita, na wengine waligeuza vali za gesi ya kupikia kuwa regyuleta. Anayedharau cha mtumba katika kazi hii anaidharau asili yake.

Lakini historia haikuniachia niishie hapo. Cousteau alipokijaribu kifaa hicho kwa mara ya kwanza, katika mto Marne karibu na Paris, kilifanya kazi vizuri alipolala kifudifudi. Aliposimama, hewa ilimwagika ovyo. Alipogeuza kichwa chini, hewa ilikuja kwa shida. Yeye na Gagnan wakagundua sababu: tundu la kutolea pumzi lilikuwa umbali wa sentimita 15 hivi kutoka mahali pa kuingizia hewa, na tofauti hiyo ndogo ya kina ilitosha kuharibu mizani. Walipoyakaribisha matundu hayo, kasoro ikaisha, na mwezi Juni 1943 Cousteau akazamia kwa raha katika bahari ya kusini mwa Ufaransa. Walikuwa na busara ya kukijaribu mtoni kwanza, mahali ambapo mtu akikosa hewa huinua kichwa tu. Kutoka mita 30 huwezi kufanya hivyo. Anayepanda mbio huku amebana pumzi hupasua mapafu, na aliyekaa chini muda mrefu akapanda haraka huugua, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake hutoka kama povu la soda.

Wala upya peke yake hauokoi. Mwaka 1947 Maurice Fargues, mmoja wa wenzake Cousteau, alishuka hadi mita 120 hivi akiwa na vyombo bora vya wakati ule. Alikufa, kwa kuwa hewa ya kawaida katika kina kile hulevya akili. Na mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1980 iliundwa kwa aloi iitwayo 6351. Iliponunuliwa ilikuwa mipya na ya kung'aa. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi yake hufanya nyufa shingoni polepole, na michache ilipasuka wakati wa kujazwa, ikajeruhi watu na hata kuua. Aloi hiyo ikaachwa, ikatumika nyingine iitwayo 6061.

Tunajuaje mtungi upi ni upi? Kwa kuusoma. Begani mwake hupigwa mihuri inayoonyesha aina ya madini, mgandamizo unaoruhusiwa, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na tarehe za kupimwa. Katika kipimo kikubwa, mtungi hujazwa maji na kukandamizwa kupita kiwango chake cha kazi, ili ionekane kama unarudi katika umbo lake. Marekani na Uingereza hufanya hivyo kila baada ya miaka 5. Mtungi wa kawaida wa lita 11 ulioshindiliwa hadi bar 200 umebeba zaidi ya lita 2,000 za hewa, na nguvu hiyo yote imekaa mgongoni mwa mtu. Nilipoelewa hivyo niliona kwamba mtungi ni hati. Unatembea na wasifu wake begani.

Hapo nikakumbuka pampu, nami sipendi kuikumbuka. Nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, kisima chetu kilihitaji pampu mpya na fungu letu halikutosha. Mfanyabiashara mmoja akaniletea iliyotumika, imepakwa rangi ya kijani inayonukia bado. Akasema ilifanya kazi mwaka mmoja tu. Sikudai karatasi hata moja, niliisoma rangi. Baada ya wiki sita ikapasuka, na chini ya rangi tukaona mahali ilipokuwa imechomelewa. Wasichana wakarudi kuteka maji mtoni kwa muhula mzima na zaidi, na mmoja wao akateleza kwenye mawe akavunjika mkono. Baba yake hakunilaumu. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Lakini sahihi iliyokuwa kwenye hati ya malipo ilikuwa yangu.

Siku ya tatu nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia kwamba swali lake halikuwa sawasawa. Tusiulize kama chombo ni kipya au kimetumika. Tuulize mambo mawili: je, historia yake inajulikana? Na je, kikiharibika, kitaonyesha ubovu wake tukiwa nchi kavu, au kitausubiri mpaka mita 30?

Tukaipitia orodha pamoja. Miwani ya kuzamia: ufa wa kioo na mpira uliokakamaa huonekana kwa macho, achukue. Mapezi ya miguuni na mkanda wa risasi: achukue. Vazi la mpira: liking'ang'ania mwili na mishono yake ikiwa mizima, achukue. Fulana ya kuelea: aijaze upepo jioni, aiache usiku kucha, asubuhi ikiwa bado imejaa, na vali zake zikifunguka na kufunga, achukue. Mtungi: asome begani. Regyuleta: aombe kumbukumbu za matengenezo, maana ndani yake mna pete za mpira na vali ndogo ambazo chumvi huzila taratibu, na huwezi kuziona bila kuifungua. Wenye ujuzi huifanyia huduma kila mwaka.

Akarudi Mafia, na baada ya siku chache akapiga simu. Fulana ililala imejaa. Vazi lilimkaa. Mtungi ulikuwa na muhuri wa kupimwa, lakini wa miaka 9 iliyopita. Nikamwambia auache, kwa kuwa mitungi ya kukodi ipo palepale penye kompresa. "Na regyuleta?"

"Inang'aa, Babu. Nimevuta hewa pale ufukweni, inakuja vizuri sana. Mwenyewe anasema haijawahi kumsumbua. Ila karatasi hana."

Nilinyamaza kidogo. Yule mgeni huenda alikuwa mkweli kabisa. Mfanyabiashara wa pampu naye huenda aliamini alichoniambia. Lakini neno la muuzaji ni ushahidi wa mdomo, na uso wa chuma kinachong'aa ni rangi ya kijani.

"Nunua mpya," nikasema. "Inayopungua nitaongeza mimi."

Hivyo alinunua nusu mtumba, nusu mpya, na kozi haikungoja. Sasa anaongoza wageni wanne wanne. Ananiambia kwamba kule chini mtu husikia sauti ya pumzi yake tu, ikiingia na kutoka. Kila mwaka huipeleka regyuleta kwa fundi na kuandika tarehe katika daftari nililompa. Nilimweleza kwamba siku moja ataiuza, na mnunuzi wake atakuwa mjukuu wa mtu.

Methali zile mbili bado zinagombana, nami sijitii tena kuziamua. Bati sijaezeka. Masika ilipoingia niliweka ndoo chini ya mahali panapovuja, na usiku mvua ikinyesha huwa naisikia ikidondoka, tone baada ya tone, kisha napata usingizi.