Jina Dennis: Maana, historia na mbona kila mtaa uko na Denno wake

Panda mathree imejaa, ita "Denno!" kwa sauti, alafu uhesabu ni vichwa ngapi zitageuka. Labda ni wewe, ni brathako, ama ni yule msee wa mpesa hapo chini. Lakini ushawahi jiuliza hilo jina lilitoka wapi? Jibu litashtua mathe yako kidogo.

Maana ya jina Dennis

Dennis ni jina la Kigiriki. Lilianza kama Dionysios, yaani "wa Dionysos". Sasa huyu Dionysos ni nani? Kwa Wagiriki wa kitambo, alikuwa mungu wa divai na sherehe. Waroma walimwita Bacchus.

Ndiyo, umesoma poa. Mathe aliyekuwa anakutoa kwa kitanda kila Jumapili uende kanisa ndiye alikupea jina la mungu wa divai.

Lakini usimchukulie Dionysos kama mlevi tu. Tamthilia pia zilikuwa idara yake. Kule Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, waandishi kama Sophocles walishindanisha michezo yao kwa sherehe za huyu mungu. Kwa hivyo kama wewe ni Denno na unapenda kuigiza, hujapotea njia.

Jina liliingiaje kanisani?

Hapa ndipo stori inageuka. Fungua Biblia, Matendo ya Mitume 17:34. Paulo alipohubiri Athens, mmoja wa wale walioamini aliitwa Dionisio. Huyo ni Dennis. Na Biblia haisemi popote kwamba aliambiwa abadilishe jina.

Halafu kuna Denis, askofu wa Paris. Alikatwa kichwa karibu mwaka wa 250 kwa sababu ya imani yake. Hadithi ya kanisa inasema aliokota kichwa chake akatembea nacho huku akihubiri! Eneo la Saint-Denis karibu na Paris limepewa jina lake, na ndiko uwanja wa Stade de France uko. Sikukuu yake ni tarehe 9 Oktoba, siku moja kabla ya holide yetu ya Oktoba.

Dennis mwingine ameingia hadi kwa ID yako. Mwaka wa 525, mtawa aliyeitwa Dionysius Exiguus alikuwa anapiga hesabu ya tarehe za Pasaka, akaamua kuhesabu miaka kuanzia kuzaliwa kwa Kristo. Mwaka wako wa kuzaliwa unafuata hiyo hesabu.

Kutoka Ufaransa hadi mtaani

Wafaransa walifupisha Dionysius ikawa Denis. Wanormani walipoteka Uingereza mwaka wa 1066, jina likavuka bahari nao, na baadaye Waingereza wakazoea kuliandika na n mbili. Dada yake ni Denise. Huku kwetu lilikuja na wamishenari na Wazungu wa ukoloni. Kwa Wakatoliki, mtoi akibatizwa anapewa jina la mtakatifu, na Denis alikuwa kwa hiyo orodha.

Umaarufu wake

Marekani, Dennis ilivuma sana miaka ya 1940 na 1950. Machi 1951, katuni mbili tofauti zinazoitwa Dennis the Menace zilitoka wakati mmoja, moja Marekani na nyingine Uingereza, na wachoraji hawakuwa wameongea. Siku hizi huko ni jina la mababu. Hapa Kenya bado ni jina la vijana.

Madennis waliotesa

- Dennis Kimetto: Mkenya wa kwanza, na binadamu wa kwanza, kukimbia marathoni rasmi chini ya 2:03. Alipiga 2:02:57 Berlin mwaka wa 2014.
- Dennis Oliech: straika wa Harambee Stars aliyecheza Ufaransa, nchi ya Mtakatifu Denis mwenyewe.
- Denis Mukwege: daktari wa Congo aliyeshinda Nobel ya Amani 2018 kwa kutibu wanawake waliobakwa vitani.
- Denis Onyango: kipa wa Uganda aliyetawala lango la Mamelodi Sundowns.
- Dennis Bergkamp: fundi wa Arsenal. Wazazi wake walimpa jina la Denis Law wa Manchester United, lakini karani wa usajili akakataa n moja.

Majina ya mtaa

Denno, Deno, Denny, D. Kuna wale huita "Deni" pia, lakini hapo jichunge. Hakuna mtu anataka kuitwa deni mbele ya watu anaowadai.

Je, ubadilishe?

Ukiambiwa jina lako limebeba pepo la pombe, mwonyeshe msee huyo Matendo 17. Jina lilianza kwa mungu wa divai, sawa, lakini tangu hapo limebebwa na muumini wa Athens, askofu aliyekufa kwa imani, na daktari anayeshona wanawake walioumizwa. Hao ndio walilipa maana unayoibeba leo.

Bado unataka kulitoa? Sheria inakuruhusu: utatafuta wakili, ufanye didi poo, na itangazwe kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini kama pombe ndiyo inakusumbua, kubadilisha jina hakutakusaidia. Tafuta mtu wa kuongea naye, Denno.