Volvo ya Safari na Gari Dogo la Leo

Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant, Wakenya, walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika: gari la familia, milango miwili, injini ya lita 1.8, kabureta, breki za dramu. Gari dogo linaloingia Kilwa leo hupimiwa mafuta na kompyuta. Mkanda wake wa kifuani na kiunoni, lakini, Volvo za aina hiyo ziliuzwa nao tangu 1959.

Kilichobadilika zaidi ni njia ya kwenda Kilwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika tope lilimtesa hata dereva asiyeshindana na mtu.