Matilda Haikuwa ya Buluu

Machi 1941, katika milima ya Keren nchini Eritrea, vifaru vya Kiingereza aina ya Matilda viliingia kwenye korongo la Dongolaas baada ya wahandisi wa jeshi kufungua njia ambayo Waitalia walikuwa wameiziba. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 27 hivi. Kusini yao, askari wa King's African Rifles, wengi wao wakiamrishwa kwa Kiswahili, walikuwa wakisonga mbele kutoka Kenya kupitia Somalia, na tarehe 6 Aprili jeshi la Uingereza likaingia Addis Ababa. Vita hivyo viliacha makaburi, picha na ripoti. Viliacha pia swali ambalo waundaji wa vifaru vidogo vya plastiki wamelibishania kwa miongo mingi: Matilda ya mwaka ule ilikuwa na rangi gani hasa?

Asili ya ubishi huo ni agizo lililotoka Cairo. Mwaka 1940 makao makuu ya jeshi la Uingereza ya Mashariki ya Kati yalielekeza namna ya kupaka magari ya kivita rangi za kuyaficha. Mtindo huo umekuja kuitwa kwa jina la Brigedia J.A.L. Caunter. Ni mapande mapana ya rangi yenye kingo zilizonyooka, yanayokatiza kifaru kwa mshazari, ili adui aliye mbali asitambue mbele ni wapi wala urefu wa chombo ni kiasi gani. Rangi zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na nambari katika orodha rasmi ya viwango vya Uingereza. Ya kwanza iliitwa Light Stone, nambari 61, yenye sura ya mchanga. Ya pili Silver Grey, nambari 28. Ya tatu Slate, nambari 34, kijivu kilichokolea.

Buluu haimo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya vita, aliyenunua boksi la Matilda na kufuata mazoea ya wenzake alipaka samawati kwenye yale mapande ya katikati. Ushahidi wake ulikuwa mzito kwa macho: katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, likiwemo la vifaru la Bovington, Matilda halisi ziliwahi kupakwa upya kwa samawati. Watu wakazipiga picha, picha zikaingia vitabuni, na vitabu vikawa mwongozo wa watengenezaji wa rangi na modeli. Ikawa vigumu kwa mtu wa kawaida kupinga, kwa kuwa kifaru chenyewe kilikuwa kimesimama mbele yake.

Aliyeligeuza jambo hilo ni mtafiti Mwingereza Mike Starmer. Alirudi kwenye maagizo yenyewe na sampuli za rangi za wakati ule, akazilinganisha, kisha akaandika michanganyiko ambayo mtu anaweza kuirudia mezani kwake. Silver Grey ya nambari 28 ni kijivu kinachoelekea kijani. Slate nayo ina ukijani ndani yake. Mtindo wenyewe haukudumu: kufikia mwisho wa 1941 ulikuwa umeachwa. Kosa la samawati ndilo lililoishi zaidi ya vifaru.

Macho nayo hushiriki katika udanganyifu wa aina hii. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya upakaji rangi katika karakana ya Gobelins huko Paris, alilalamikiwa kwamba nyuzi nyeusi za hapo zimefifia. Alipochunguza akaona dawa ya rangi haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi jirani zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria ya jinsi rangi jirani zinavyobadilishana sura. Mwundaji wa modeli anaweza kuijaribu sheria hiyo kwa dakika chache. Achukue rangi nyeupe, atie nyeusi kidogo kidogo, kwa kuwa nyeusi ina nguvu na ikizidi haitoki. Akipata kijivu safi, apake alama moja juu ya karatasi nyeupe na nyingine juu ya karatasi ya rangi ya mchanga. Kwenye mchanga, kijivu kilekile kitaonekana kama kina ubuluu. Kisha aongeze tone la njano kwenye kijivu hicho: kitageukia kijani, maana nyeusi na njano zikikutana huzaa zeituni.

Kazi hii ya kuchanganya ilipata umaarufu mkubwa modeli za plastiki zilipoenea. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo ilianza kama biashara ya mbao baada ya vita, ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri zienee ndani, na hesabu ikaangukia 1:35. Kipimo hicho kilichotokana na betri ndicho kinachotawala vifaru vya modeli hadi leo. Huko Hull, Uingereza, Humbrol, iliyoanza 1919 kama kampuni ya mafuta, ilijulikana kwa vikopo vidogo vya rangi ambavyo vizazi vya waundaji vilijifunzia.

Wajerumani wanafundisha somo jingine. Walikuwa na orodha ya rangi ya RAL, iliyoanza 1927 ikiwa na rangi 40, na mtu angedhani nambari zinamaliza maneno. Lakini kuanzia Februari 1943 vifaru vyao vilipakwa njano iliyokolea kiwandani, huku kahawia nyekundu na kijani cha zeituni vikipelekwa kwa vikosi vikiwa rojo ndani ya makopo. Askari waliizimua kwa petroli, au kwa maji petroli ilipokosekana, kisha wakaipulizia au kuipaka kwa brashi. Rojo nzito ilikolea. Nyepesi ilionyesha njano ya chini. Kwa hiyo vifaru viwili vya kikosi kimoja vingeweza kutofautiana, na vyote vikawa sahihi.

Msomaji aishiye Norsborg, mwisho wa reli nyekundu ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, ana bahati ya kuweza kujionea rangi za vifaru halisi. Barabara ya E20 inayopita jirani humfikisha Strängnäs, kwenye makumbusho ya Arsenalen yaliyofunguliwa 2011. Huko kimehifadhiwa Stridsvagn m/21, aina ya kifaru ambacho Sweden ilinunua kumi kwa siri kutoka Ujerumani mwaka 1921, na pia Strv 103, kifaru kisicho na mnara wa mzinga. Msaada wa pili uko kwenye duka la rangi za nyumba. Sweden ilipitisha mfumo wa rangi wa NCS kuwa kiwango cha taifa mwaka 1979, na msimbo wake husomeka karibu kama maelekezo: S 4010-G50Y maana yake weusi asilimia 40, ukali wa rangi asilimia 10, nayo iko katikati ya kijani na njano. Aliyeona rangi Strängnäs anaweza kuilinganisha na kadi, akaandika msimbo, akachanganya nyumbani bila kutegemea kumbukumbu. Aulize tu kwanza ni lini chombo hicho kilipakwa upya.

Afrika Mashariki ina vyombo vyake vinavyosubiri kazi hiyo. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, na jeshi la Idi Amin lilikuwa na Sherman zilizotoka Israeli. Waliovipanda na kuvitengeneza wanazeeka. Penye kifaru cha zamani, kabla ya fundi kuja na kopo jipya, ikwanguliwe sehemu ndogo hadi chumani, kila tabaka lilinganishwe na kadi ya rangi na kuandikwa, na mzee aliyekihudumia aulizwe leo.