Kinjia cha Kando ya Mto Kilikuwa na Kesi

Mwaka jana nilinunua kitabu cha Kiingereza kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza pembeni ya barabara. Jalada lilikuwa limeng'oka, nikadhani ni riwaya. Kumbe ni kitabu cha kuwaelekeza watu kutembea! Si kutembea kwenda sokoni au kibaruani, hapana. Kutembea tu, halafu kurudi ulikotoka. Kinamwambia mtu avuke daraja, ashike kushoto kando ya mto, akate shamba la ngano katikati, apande ngazi ya mbao ya kuvukia ua, atokee nyuma ya kanisa. Basi, safari imekwisha.

Washkaji kijiweni walicheka sana. "Wazungu wana muda wa kuchezea, bwana!" alisema mmoja. Nami nilicheka. Lakini usiku jambo moja likaninyima usingizi. Lile shamba la ngano si lina mwenyewe? Iweje mgeni alikate katikati, na mwenye shamba asimfungulie mbwa?

Swali hilo lilinigusa kwa sababu mtaani kwetu palikuwa na kichochoro cha kuteremkia mtoni. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mtu alinunua kiwanja pale akapandisha ukuta. Siku ya kwanza tulinung'unika. Siku ya pili tukazunguka. Baada ya mwezi tukazoea. Hakuna aliyekwenda kuuliza popote, na mimi nikiwemo.

Basi nikaanza kusoma habari za vinjia vile. Niliyoyakuta si matembezi ya starehe hata kidogo.

Zamani vijiji vingi vya England vilikuwa na ardhi ya kuchangia: malisho, misitu ya kuokota kuni, na mashamba ya wazi yasiyo na ua. Maskini asiye na eka hata moja aliweza kulisha ng'ombe wake pale. Kisha ukaja wakati wa kuzungushia ua. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikahusu eka kama milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Mwenye kingi akaongezewa. Mwenye ng'ombe mmoja akabaki na kamba mkononi. Na njia je? Nyingine zilihamishwa, nyingine zikafutwa kabisa.

Hapo ndipo nilipokutana na John Clare. Alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, mtoto wa kibarua wa shamba, shule aliiacha mapema. Sheria ya kuzungushia ua kijijini kwake ilipita mwaka 1809, yeye akiwa kijana. Na kwa kuwa njaa haina aibu, aliwahi kufanya kibarua cha kupanda zile nyua mpya! Lakini alikuwa anaandika mashairi, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1820. Aliandika juu ya ndege, vijito, na njia alizozijua utotoni zilizofungwa. Baadaye akili ilimchoka, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Essex. Mwezi wa saba mwaka 1841 alitoroka, akatembea kilomita kama 130 kurudi kwao, kwa siku nne, bila senti mfukoni. Njiani alikula majani ya kando ya barabara. Mwisho wa mwaka huohuo alichukuliwa tena, akafia hospitalini mwaka 1864. Sisi tunaolalamika kwamba kalamu hazina wino, tumkumbuke.

Wakati huo wakubwa walikuwa na silaha nyingine. Sheria ya mwaka 1815 iliwaruhusu mahakimu wawili tu kufunga njia waliyoiona haina haja. Na mahakimu wenyewe mara nyingi ndio walikuwa wenye ardhi! Kesi ya nyani... unamalizia mwenyewe. Watu wa Manchester wakajibu mwaka 1826 kwa kuunda chama cha kulinda njia za zamani za waenda kwa miguu.

Kilele cha mambo kilifika tarehe 24 Aprili 1932, siku ya Jumapili. Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walikuwa na siku hiyo moja tu ya kuvuta hewa safi, na karibu yao ulikuwepo mlima wa Kinder Scout. Lakini mlima ulikuwa wa wenye ardhi, akiwemo Duke wa Devonshire, na ulitunzwa kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Vijana kama mia nne wakaupanda makusudi, bila ruhusa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Walinzi wa mawindo wakawazuia, pakatokea purukushani ndogo. Vijana watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne.

Nisikufiche, hata vyama rasmi vya watembeaji viliwalaumu: mnatuharibia mazungumzo! Lakini kifungo kile kiliwachoma watu wengi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria kwamba njia iliyotumiwa na watu miaka 20 mfululizo, bila kificho na bila kuomba ruhusa, ihesabiwe kuwa ya umma. Sheria ya 1949 ikaagiza njia zichorwe kwenye ramani rasmi, na mwaka 1951 eneo la Kinder Scout likawa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Mwaka 1996 ikafunguliwa njia ya mto Thames, karibu kilomita 300, kwa sehemu kubwa ikifuata ukingo ambao farasi walikanyaga zamani wakivuta mashua za mizigo kwa kamba. Sheria ya 2000 ikawaruhusu watu kutembea huru milimani na nyikani.

Mwaka 2002, miaka 70 baadaye, Duke wa Devonshire wa wakati huo alikwenda hadharani kuomba radhi kwa yale yaliyotendwa enzi za babu yake. Rothman hakumsikia. Alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo.

Sasa nakisoma kile kitabu changu kwa macho mengine. Kila ngazi ya mbao naona kuna mtu aliyegoma kuzunguka. Wahenga walisema penye nia pana njia. Nami naongeza: njia hufa siku watu wanapoacha kuikanyaga, na hufa mara ya pili wanapoacha kuisimulia.

Juzi nilimpeleka mdogo wangu hadi kwenye ule ukuta. Nikamwambia, hapa palikuwa na njia. Akaniuliza, "Ilikuwa inakwenda wapi, kaka?" Nikamwambia mtoni. Halafu nikarudi nyumbani, nikachukua daftari, nikaanza kuandika majina ya wazee wanaoikumbuka. Hadi leo nimepata tisa.