Mtoto Asiyesikia

Wahenga walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumefundishwa sote tangu utotoni, na wengi wetu tumeifundisha. Lakini yafaa tuitazame tena, kwa kuwa kutosikia katika lugha yetu kuna maana mbili. Yuko mtoto asiyesikia kwa ukaidi, na yuko asiyesikia kwa sababu ya maradhi. Historia ya jinsi tulivyowatafutia tiba watoto wenye tabia za kusumbua ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kujifunza kuwapambanua watoto hawa wawili.

Wazee wetu hawakutegemea fimbo peke yake. Mtoto alipolia mfululizo, alipowapiga wenziwe au alipoacha kusema, wazazi walikwenda kwa mganga kutazamia. Mganga aliuliza: Nani amefariki katika ukoo? Je, baba na mama wana ugomvi? Mtoto amepewa jina la nani? Kwa makabila mengi ilisadikiwa kwamba mzimu wa babu au bibi unadai jina, na mtoto akabadilishwa jina. Tiba hiyo ilikuwa na mipaka yake. Degedege, mathalani, ilihesabiwa kuwa kazi ya pepo, hali mara nyingi chanzo chake kilikuwa malaria kali. Na kuchelewa kupata dawa kuliwaua watoto, au kuliwaacha na ubongo uliodhurika. Hata hivyo desturi ile ilikuwa na jambo moja jema: mtoto hakutibiwa kabla ya kuulizwa habari zake na za jamaa zake.

Ukoloni ulileta njia nyingine. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Waingereza nao wakajenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Kisha mwaka 1937 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria mbili: moja ya magonjwa ya akili, ya pili ya watoto na vijana. Ya kwanza ilielekea hospitali ya wagonjwa wa akili. Ya pili ilielekea mahakama ya watoto na shule ya maadilisho. Mtoto msumbufu ambaye hakuwa mwendawazimu wala mhalifu alibaki katikati, hana mlango wa kubisha.

Dalili za mabadiliko zilionekana karibu na wakati wa Uhuru. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wakitengwa, wakila peke yao, kwa kuwa mate yao yaliogopwa. Na wengine walikuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Walipopata dawa kila siku, wengi wao walipungukiwa na kuanguka. Watu wakaona kwamba kilichoitwa pepo kinaweza kutulizwa kwa vidonge. Mwaka 1963 shule ya watoto viziwi ilifunguliwa Tabora, na ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, watoto wa kila namna waliingia darasani kwa wingi, pamoja na wale ambao zamani wangebaki nyumbani.

Mwalimu hakuandaliwa kuwapokea wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sisi wenyewe tulikaa dawati moja na mwenzetu aliyechapwa karibu kila siku kwa kosa la kutojibu aitwapo. Akawa mgomvi, kisha mtoro, na kabla ya darasa la saba akaacha shule. Sisi tulimcheka. Ni baadaye tu tuliposikia kwa jamaa zake kwamba masikio yake yalitoka usaha tangu uchanga. Alihukumiwa kwa methali, wala hakuna aliyemtazama sikioni.

Leo sheria zile za 1937 hazipo tena. Mahali pake pana Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inatanguliza maslahi ya mtoto. Mganga wa hospitali ampimapo mtoto huanza kwa maswali: Alizaliwaje? Alipata kuugua degedege? Anaona? Anasikia? Analala? Nyumbani pana amani? Tukiyasikiliza maswali hayo, tutatambua kwamba baadhi yake yaliulizwa zamani mbele ya bao la mganga wa jadi. Tofauti ni kwamba sasa kuna vipimo vya kuyathibitisha majibu.

Wataalamu wa kazi hii bado ni wachache, na aghalabu wako mbali na vijiji vyetu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumpima mtoto ni mzazi, na wa pili ni mwalimu. Hatuna budi, kabla ya kushika fimbo, tumwite mtoto kwa sauti ndogo hali ametupa kisogo. Asipogeuka, tusikasirike, tumpeleke zahanati.