Ghala Lililofungwa Jumapili

Ukikulia Tuwan unajua ghala ni nini. Msimu wa mavuno malori ya mahindi yanapiga foleni Kitale na wenye mahindi wanalala hapo hapo wakingoja lango lifunguliwe. Ghala lililoninyima usingizi mimi halikuwa na hata punje moja.

Julai 2024 kliniki moja ya mtaani iliniita. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini huku bado naitwa injinia. Kompyuta yao ya rekodi za wagonjwa ilitumia CentOS 7, na diski ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilitaka tu kuongeza programu ya kutoa nakala za rekodi kabla diski haijakata roho. Nikaandika yum install. Jibu: anwani ya mirrorlist.centos.org haipatikani. Nikadhani bando imeisha, nikanunua nyingine. Jibu lile lile.

“Imekufa, kijana wangu?” mama wa mapokezi akauliza. “Tarehe za chanjo za watoto wote ziko humo.”

Linux za maofisini huchota programu zake kwenye maghala ya mtandaoni. Mashine huomba kwanza orodha, kisha inaelekezwa kwenye ghala la nakala lililo karibu. Wakati fulani hata Nairobi tulikuwa nalo, kwenye seva za Liquid Telecom.

Hiyo karibu ilipiganiwa. Zamani barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda nyingine, hapo hapo Nairobi, ilizunguka ng’ambo kwanza kwa setilaiti. Novemba 2000 kampuni hizo zikaungana na kufungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na Desemba serikali ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya zaidi ya mwaka wa kuvutana na kutafuta leseni. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi 2009. Kabla ya hapo, kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto. Wengi walingoja CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta.

Kwa hivyo barabara ya kwenda ghalani tulishaipata. Funguo, sasa, hizo hazikuwa kwetu.

CentOS ilianza 2004 kama mradi wa kujitolea: kuchukua msimbo wa wazi wa Red Hat na kuugawa bila malipo. Mwaka 2014 Red Hat ikauleta mradi chini ya mbawa zake. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangaza kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kuishi hadi 2029, itakoma mwisho wa 2021. CentOS 7 ikaachiwa hadi Juni 30, 2024. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Juma lile mimi na wenzangu wote akili ilikuwa kwa Mswada wa Fedha na waliouawa tarehe 25. Nani angekumbuka ghala?

Nilipogundua, dawa haikuwa ngumu: fungua faili zilizo kwenye /etc/yum.repos.d, badilisha anwani ziende vault.centos.org, kule matoleo ya zamani yanakotunzwa. Programu ikaingia. Lakini vault ni makumbusho. Mwanya mpya wa usalama ukigunduliwa, huko hakuna wa kuuziba, na rekodi za wagonjwa si kitu cha kuacha mlango wazi.

Nikapakua Rocky Linux usiku, saiba, mwenyewe akiniangalia kwa jicho la umeme unaoliwa. Mfumo huo ulianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaupa jina la mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Nikauweka kwenye kompyuta nyingine, nikahamisha rekodi, nikazihesabu mara mbili.

Mama wa mapokezi hakuuliza jina la mfumo. Alikaa, akavaa miwani, akamtafuta kwanza mjukuu wake.