Kubadili jina hakumfichi jirani unayemwandika

WAHENGA walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii inawasuta waandishi wanaodhani kwamba mradi jina la mtu limebadilishwa, siri yake imehifadhika.

Kila mtunzi wa riwaya, shairi au tawasifu huchota kwa watu anaowajua: mzazi, mwalimu, rafiki wa utotoni, jirani. Hana kisima kingine. Suala linalobaki ni jinsi ya kuchota bila kuwadhulumu wenye maji.

Fumbo na mlengwa wake

Waswahili wa pwani wanalielewa jambo hili tangu jadi. Katika mipasho ya taarabu, Unguja na Mombasa, hasimu hatajwi. Hutajwa mwendo wake, mavazi yake au kisa kinachojulikana mtaa mzima, na ukumbi hung'amua papo hapo ni nani aliyepigwa kijembe. Maneno ya leso nayo hufanya kazi iyo hiyo. Mlengwa hubanwa, kwani akilalamika, amekiri kwamba ndiye.

Hata hivyo, mlengwa wa mipasho anaweza kulipiza kwa wimbo au leso yake. Aliyeandikwa kitabuni aghalabu hana kalamu wala mchapishaji. Maneno juu yake hukaa maktabani miaka na mikaka, naye hana pa kujitetea.

Sheria inasemaje?

Sheria ya kashfa nchini Kenya haihitaji mtu awe ametajwa kwa jina. Inatosha kuwa wanaomfahamu wanaweza kumtambua kwa maelezo yaliyotolewa. Mwandishi anayempa mhusika jina la kubuni, kisha akamwachia kazi, kijiji, kilema na idadi ya watoto wa mtu halisi, hajamficha yeyote.

Ukweli ni kinga mahakamani, lakini mzigo wa kuuthibitisha humwangukia aliyeandika. Uvumi wa sokoni hauthibitishi kitu. Mwaka 2000, Mahakama Kuu iliamuru Nicholas Biwott, aliyekuwa waziri, alipwe fidia ya Sh30 milioni kutokana na kitabu kilichochapishwa Uingereza ambacho kilimhusisha na mauaji ya Dkt Robert Ouko.

Ni kweli kwamba Februari 2017 mahakama hiyo ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Lakini kesi za madai ya fidia zingalipo.

Isitoshe, si kila lililo kweli ni ruhusa kulitangaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 nayo inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, isipokuwa katika mazingira machache. Mwandishi anayeanika ugonjwa wa binamu yake hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakudanganya.

Mwenye nguvu na mnyonge

Kuna tofauti kubwa kati ya kumwandika mtawala na kumwandika jirani. Abdilatif Abdalla alipoikosoa serikali katika waraka wake 'Kenya: Twendapi?' wa mwaka 1968, alifungwa miaka mitatu. Ngugi wa Thiong'o naye alisimulia jinsi maafisa wa usalama walivyomsaka Matigari, mhusika wa riwaya yake ya 1986, wakidhani ni mtu wa kweli anayezua fujo mashambani. Walipogundua ni wa kubuni, walivikamata vitabu.

Katika visa hivyo, hatari ilimkabili aliyeshika kalamu au kazi yake. Anapoandikwa yaya, mke aliyetalikiwa au mwanafunzi, hatari humhamia aliyeandikwa. Yeye ndiye atakayenyooshewa vidole kanisani, msikitini au kwenye matatu, huku mwandishi akipokea sifa. Ndiyo maana ujasiri unaostahili pongezi mbele ya ikulu waweza kuwa ukatili ukielekezwa kwa mnyonge.

Hatua za tahadhari

Kwanza, mwandishi amwombe mhusika idhini, na ikiwezekana amsomee sehemu inayomhusu kabla ya kuchapishwa. Pili, achanganye sifa za watu kadhaa, abadilishe kazi, mahali na hata umri, mradi kiini cha kisa kisipotee. Tatu, ahifadhi barua na kumbukumbu zinazothibitisha madai mazito.

Nne, asidhani kaburi limefunga mjadala. Marehemu hawezi kushtaki kwa kashfa, lakini watoto wake wangali wanaliitikia jina lake.

Mwisho, ajiulize iwapo siri hiyo inahitajika ili kisa kieleweke. Kama kisa kinasimama bila siri hiyo, aiondoe.